Kocha, Kaseti na Nyusi za Bwana Harusi

Shemeji yangu ni kinyozi, na kazi ya kumsema nimejipa mwenyewe, kwa sababu watu wengine wote wanamheshimu kupita kiasi. Wateja wanamwita Kocha. Hajawahi kufundisha timu yoyote, na hawezi kuruka hata mtaro wa maji machafu bila kushikilia bega la mtu. Jina hilo alilipata kwa mchezo wa mpira wa kikapu uliomo ndani ya kompyuta kuukuu, iliyokaa kwenye meza ndogo ya saluni yake, kati ya chupa ya spiriti na redio iliyoacha kusema zamani. Kama kuna mwanamume aliyepata cheo kwa kukaa tu kwenye stuli, basi ni yeye.

Kompyuta yenyewe ni ya enzi zile ambazo mashine nzima ilikuwa ndani ya kibodi. Unaiunganisha na televisheni kwa waya, unaweka kaseti kwenye kinasa sauti, kaseti hii hii ya kawaida ya muziki, unabonyeza, halafu unangoja. Kaseti inalia kama paka aliyekanyagwa mkia kwa muda unaotosha kumnyoa mtu mzima nywele na ndevu, na ukibahatika, mchezo unatokea. Usipobahatika, unairudisha kaseti mwanzo na mteja mwingine anakaa kwenye kiti. Mzigo huo aliachiwa na karani mmoja aliyekuwa akihamia mji mwingine, na nadhani mke wa karani ndiye aliyefurahi zaidi.

Wachezaji ni wawili tu, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu. Hawana nyuso ila wana viatu. Uwanja una rangi ya chungwa, na watazamaji ni nukta zinazorukaruka kule nyuma. Kila mtu anashika kijiti chake chenye kitufe kimoja. Ukibonyeza, mchezaji wako anaruka. Ukiachia, mpira unamtoka mkononi. Ukiachia mapema, mpira unakwenda kwa nukta. Ukichelewa, unamwangukia mwenyewe kichwani. Wa kwanza kufikisha pointi ishirini na moja ndiye mshindi, na kompyuta inampigia wimbo wake, mwekundu ana wake na wa buluu ana wake. Sauti hizo zote hazitoki kwenye televisheni. Kompyuta ina spika yake ndogo tumboni, na kila jambo lina mlio wake: mpira ukidunda mbali na kikapu mlio ni mzito, ukikaribia unakuwa mwembamba, viatu vya mpinzani vinalia kwi, kwi, na mpira ukipita kwenye wavu unasikia shwaa.

Kelele hizo ndizo zilizomleta dada yangu kwake. Mimi na dada tulikuwa na chumba cha kushonea ukuta kwa ukuta na saluni, na siku moja dada alichoka, akaweka mkasi chini, akaenda kumtolea uvivu mwenye mashine. Dada yangu alikuwa na mdomo enzi hizo. Kocha, ambaye bado alikuwa kijana na nywele zake zote, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Dada, tucheze. Ukishinda, naifungia hii mashine kabatini maisha. Nikishinda mimi, Jumapili utakuja tunywe chai." Dada alikuwa hajawahi kushika kijiti. Alifungwa ishirini na moja kwa mbili, na hizo mbili nasikia alipewa. Chai ile imezaa watoto wawili, ambao sasa ni watu wazima na wana nyumba zao huko mbali.

Tangu hapo ikawa ndiyo sheria ya ndoa yao. Nyumba nyingine wakikosana wanaita wazazi, wanarushiana sahani, mmoja anahamia kwa dada yake na mabegi. Wao mmoja anasema, "Tucheze," na mambo yanaisha. Kabla ya mechi kila mtu anataja anachotaka. Aliyeshindwa haruhusiwi kubisha wala kununa, na jambo lile haliletwi tena mezani. Dada alishindwa jina la mtoto wa kwanza. Akashindwa la wa pili. Akashindwa rangi ya sebule, ndiyo maana mpaka leo sebule yao ni ya kijani ambayo mgeni akiikalia sana anaomba maji. Mwanamke ambaye mimi sijawahi kumshinda kwa lolote tangu tumezaliwa, alifungwa ndoa nzima, mechi baada ya mechi, na hakuvunja sharti hata mara moja.

"Kwa nini unatii upuuzi huu?" nilimuuliza siku moja tukipinda mapazia.

"Kwa sababu na yeye akishindwa atatii."

"Utajuaje? Hajawahi kushindwa!"

Dada alicheka mpaka akajichoma sindano.

Basi mambo yalianza kuharibika kwa televisheni. Kocha alitangaza kwamba imeingia ukungu. Akamwita fundi wa televisheni, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole wa miwani minene ambaye akikuta skrubu barabarani anaiokota na kuisafisha. Fundi akafungua, akapuliza vumbi, akafunga. Kocha akasema bado. Fundi akarudi, akabadilisha kitu fulani humo ndani. Bado. Mara ya tatu akaibomoa yote, akaiunga tena, na nilimwona kwa macho yangu akitia mfukoni skrubu zilizobaki.

"Kocha, mimi naona picha safi kabisa," alisema.

"Wewe macho yako yameliwa na moshi wa kulehemu," Kocha akamjibu.

Baada ya televisheni ikawa balbu, eti siku hizi balbu hazina nguvu. Akaweka kubwa zaidi, saluni ikawaka mpaka wateja wakawa wanafumba macho. Ikawa kioo, eti kimezeeka. Ikawa nyembe, eti chuma cha siku hizi ni makopo yaliyoyeyushwa. Kila kitu ndani ya chumba kile kilikuwa kibovu isipokuwa yeye. Na huku wateja wanatoka na ndevu upande mmoja zimeishia sikioni, upande mwingine zimeishia shavuni. Walimpenda mno, hawakuwa na moyo wa kumwambia. Walikuwa wanajitazama kwenye kioo, wanameza mate, wanasema, "Safi sana, Kocha," halafu wanazunguka nyuma kuja kwangu kuniomba niwanyooshe. Nikawa nanyoa wanaume wazima kwa mkasi wa vitambaa, kama vile kazi yangu hainitoshi.

Mlangoni kwangu kuna sanamu la kujaribishia nguo, lile lisilo na kichwa. Asubuhi moja nikiwa ndani natia mafuta kwenye cherehani, nikamsikia Kocha akipita. "Shemeji, umeamkaje? Leo umependeza kweli!" Nikatoa kichwa dirishani. Alikuwa amesimama mbele ya sanamu, anatabasamu kwa adabu zote, mkono kifuani. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo na sijawahi kuambiwa nimependeza. Nilikasirika kwanza, na baadaye ndipo nilipoogopa.

Nilimweleza dada. Akaendelea kukata kitambaa chake, akasema, "Najua." Akasema ameshamwambia habari ya hospitali ya macho kwa upole na kwa ukali, kitandani na mezani, na kila akimwambia, Kocha anainuka kwenda kuwasha kompyuta.

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka amkate mtu koo, kama si yule bwana harusi. Kijana huyo alikuja asubuhi ya harusi yake, akaomba apunguzwe nyusi kidogo tu, zisionekane za porini kwenye picha. Bibi harusi naye alikuwa kwangu, amevaa gauni lililojaa pini, namalizia pindo. Bwana harusi akaingia na taulo shingoni kuniomba pamba. Bibi harusi akamwangalia. Akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Nyusi yako nyingine iko wapi?" akamuuliza.

Ilikuwa sakafuni saluni, imechanganyika na nywele za watu wengine. Bibi harusi alitoka na gauni lake na pini zake zote, akasimama mlangoni kwa Kocha, na nitamsifu mpaka nife, hakutukana. Alisema, "Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini huyu nilitaka anioe leo akiwa mzima." Kocha akamjibu kwamba kijana alijitikisa. Mimi ndiye niliyemchora bwana harusi nyusi kwa wanja wangu, na kwa haraka ile nilimpandishia juu kidogo, hivyo kwenye picha zote anaonekana kama upande mmoja amesikia habari ambayo upande mwingine haujafikiwa nayo.

Harusi ilipoondoka, dada alifungua aproni yake, akaingia saluni. Mimi nikamfuata, bila kualikwa.

"Baba watoto," akasema, "tucheze."

Kocha alikuwa anafagia. Uso ukamng'aa. "Unataka nini?"

"Nikishinda, Jumatatu asubuhi tunakwenda hospitali ya macho."

Akafagia kidogo, akasimama. "Sawa. Na nikishinda mimi, hilo neno macho halitatajwa tena na mtu yeyote wa nyumba hii. Si wewe, si shemeji huyo aliyejificha nyuma yako, si watoto kwa simu. Milele."

Nilimfinya dada kiunoni akatae. Dada akasema, "Nimekubali." Wakapeana mkono, na mkono wa Kocha ulipapasa hewa kwanza kabla ya kuupata wake.

Mechi ikawekwa Jumapili, nami nilimaliza Jumamosi yote iliyobaki nikimsihi. Nilikuwa najua sheria yao. Kama Kocha angeshinda, na alikuwa hajawahi kutoshinda, dada yangu angefunga mdomo wake na kumwangalia mumewe akiingia gizani taratibu, sahani kwa sahani anayovunja, ngazi kwa ngazi anayojikwaa, na asingesema kitu. Niliwahi kumwona akitii mambo ya kijinga miaka na miaka. Hili angelitii vilevile.

"Mpake sabuni kwenye kijiti," nikamwambia. "Au mimi nitampaka."

"Usithubutu."

"Dada, ni macho ya mtu haya!"

"Nikimwibia mechi atakwenda hospitali," akasema, "halafu siku nyingine ataniamini kwa lipi?" Akachukua mto wa kiti, akaukumbatia, na vidole vyake vikawa vinabonyeza kitufe ambacho hakipo. Alikuwa anafanya mazoezi. Nilitamani kulia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Jumapili alasiri saluni ilifungwa nusu mlango. Jua lilikuwa linapita chini ya mlango na kupiga moja kwa moja kwenye kioo cha televisheni. Tulikuwa wanne: Kocha na dada kwenye stuli zao, mimi kwenye kiti cha kunyolea, na fundi wa televisheni ambaye alikuja kunyolewa akakuta mechi, akabaki kwa ajili ya chai. Kaseti ikalia kilio chake chote. Mchezo ukatokea mara ya kwanza tu, na Kocha akasema hiyo ni dalili.

Sijui yale mazoezi ya mto yalisaidia, au hofu ndiyo iliyomsaidia, lakini dada alianza kwa kufunga. Akafunga tena. Mwekundu wa Kocha akarudisha, wa buluu wa dada akamnyang'anya mpira na kukimbia nao, kwi, kwi, kwi, akaruka, shwaa. Ikawa nane kwa sita, dada akiongoza. Katika ndoa yao yote haikuwahi kutokea akamtangulia kufika nane. Nilikuwa nimesimama juu ya kile chuma cha kuwekea miguu bila kujua. Kocha akainamisha kichwa kidogo, sikio mbele, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

Ndipo televisheni ilipokohoa. Pap! Picha ikajikunja ikawa mstari, mstari ukawa nukta nyeupe katikati, nukta ikafifia. Kioo kikawa cheusi. Fundi akainuka nusu, mkono ukamwenda kwenye mfuko wa shati zilipokuwa zile skrubu.

Dada alifungua mdomo. Mimi pia. Lakini Kocha hakusimama. Kidole chake kilibonyeza, kikaachia, na kutoka tumboni mwa kompyuta tukasikia shwaa.

"Nane kwa nane!" akasema. "Haya, rudisha!"

Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameikazia macho televisheni iliyozimika, macho yanamwenda kushoto na kulia, na anatabasamu. Mpira ukadunda mzito, ukadunda mwembamba, shwaa. Dada alikuwa ameshusha kijiti mapajani.

"Umeganda, mama watoto?" Kocha akacheka. "Viatu vyako sivisikii. Umechoka? Kumi! Mkimbize basi huyo wa buluu, asisimame kama sanamu la shemeji!"

Kwenye kioo cheusi tulikuwa tunajiona wenyewe, watu wanne ndani ya saluni, mmoja anacheza. Kumi na mbili. Kumi na nne. Anageuka geuka kwenye stuli kama kijana. "Mwoneni mwekundu anavyoruka leo," akatuambia. "Mwoneni huyo!" Machozi ya dada yalikuwa yanadondoka kwenye mikono yake, na yeye hayafuti. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa viganja viwili, maana ninajijua. Kumi na nane. Ishirini. Kisha kompyuta ikapiga wimbo wa mwekundu, ule wa tarumbeta za bati, na Kocha akainuka akacheza kiuno katikati ya nywele alizosahau kufagia.

"Sharti ni sharti!" akasema. "Nani anaona na nani haoni?"

"Umeshinda," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sijui aliitoa wapi. "Neno hilo halitatajwa."

Kocha alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alipokosa kelele akaacha kucheza. "Mbona mmenuna? Shemeji? Hata wewe huna la kusema? Kumbe dawa yako ipo!"

Sisi wawili tulikuwa tumefungwa na sharti. Fundi hakufungwa na kitu, na tena hana akili ya kunyamaza. "Kocha, unisamehe sana," akasema, skrubu zinamlia mkononi. "Ni hizi. Nitazirudisha sasa hivi. Ilizimika ukiwa na sita."

"Nini kilizimika?"

"Televisheni."

Kocha akacheka kidogo. Akangoja tucheke naye. Kisha akapiga hatua mbili, akanyoosha kiganja, akakiweka kwenye kioo. Televisheni zile za zamani zikiwaka, ukizigusa zinasimamisha vinyweleo vya mkono na kutoa mlio mdogo wa kukwaruza. Kioo hakikufanya chochote. Akakipapasa chote, juu, chini, pembeni, kama anavyopapasa kichwa cha mteja kutafuta mahali pa kuanzia. Akarudi nyuma mpaka stuli ikamgonga, akakaa.

"Nilikuwa namwona," akasema. "Mwekundu. Nilikuwa namwona kabisa."

Nje mtu alikuwa anaita mbwa wake. Fundi akatoka kwa kunyata, akaacha kofia. Nilimwangalia dada aseme. Ndiyo nafasi yenyewe, mwanamume amekaa chini, ameshikika, neno moja tu. Dada akafuta uso kwa mkono wa blauzi na hakusema. Nilitamani kumzaba kibao.

"Sema," Kocha akamwambia.

"Siwezi. Umeshinda."

"Mama watoto, sema."

"Tulipeana mkono."

Akazungusha kile kijiti mikononi. Mimi nilianza kufagia, kwa kuwa sikuweza kusimama bure. Alipozungumza hakumwangalia mtu, na kwa macho yale angemwangalia nani?

"Sharti linawafunga nyinyi," akasema. "Mimi sikujifunga. Macho yangu yamekwisha. Yameanza kuisha zamani. Wewe nakujua kwa hatua zako, shemeji namjua kwa kelele zake, wateja nawajua kwa vichwa vyao. Marehemu baba aliingia hospitali anatembea mwenyewe. Mtoto wa jicho, wakasema, jambo dogo. Akatoka mimi nikiwa nimemshika mkono, na sikuuachia mpaka siku tuliyomzika. Alikuwa fundi seremala. Akawa anakaa mlangoni anapiga piga mbao kwa ukucha, anasema hii ni laini, hii ni ngumu. Sasa mimi nikikaa mlangoni nitapiga piga nini? Vichwa vya watu?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na jibu la kumtania na sikulitoa. Dada akasogeza stuli yake mpaka magoti yao yakagusana. Hakumwahidi kwamba mambo yatakuwa sawa. Alisema tu kwamba yeye pia anaogopa, na kwamba Jumatatu ataamka mapema, atavaa, na atakaa sebuleni kwenye kile kijani chake kibaya.

"Hukushinda," Kocha akamwambia.

"Sikushinda. Nitakaa tu."

Jumatatu alfajiri walipita mlangoni kwangu wameshikana mikono, na mimi nikafunga duka nikawafuata, kwa sababu mtu lazima abebe chupa ya chai. Kule hospitalini daktari alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba vifaa vya siku hizi si vile alivyokutana navyo baba yake. Kocha akauliza kama vifaa vya siku hizi navyo si makopo yaliyoyeyushwa. Tulipangiwa siku. Siku ilipofika, alitembea mpaka kwenye korido ya chumba cha upasuaji kifua mbele, halafu akasimama. Benchi zima la wagonjwa lilikuwa linamtazama. Nilihisi kabisa miguu yake inataka kugeuka. Akaachia mkono wa dada.

"Samahani, jamani," akasema kwa sauti, yeye ambaye kwake balbu zote za dunia zilikuwa mbovu isipokuwa macho yake. "Mimi sioni. Mlango uko upande gani?"

Mzee mmoja mwenye jicho lililofungwa akainuka kwenye benchi, akamshika kiwiko, akampeleka.

Bandeji ya jicho la kwanza ilifunguliwa kesho yake asubuhi. Wodi ilikuwa na joto, na dada, aliyekuwa amelala kwenye kiti usiku kucha, alikuwa amevua kitambaa cha kichwa. Daktari akatoa pamba, akafuta futa, akamwambia Kocha afungue taratibu. Akafungua. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, na likaanza kutembea: dari, dirisha, mimi. Nilijiweka sawa kupokea tusi. Likanipita, likatua kwa dada, likabaki pale.

Akamtazama kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kubadilika. Upande wa kushoto nywele za dada zilikuwa zimeliwa mpaka karibu na ngozi, kulia zimesimama kama majani yaliyosahauliwa, na kisogoni kulikuwa na ngazi, ngazi halisi, tatu.

"Nani amekunyoa hivi?" akauliza kwa hasira ya fundi. "Nani huyo mshenzi?"

Dada akajishika kichwa, akatafuta kitambaa, hakukiona. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akikaa kwenye kile kiti, anafungwa shuka shingoni, anamwachia kichwa chake mtu asiyekiona. Nilishamwambia aje kwangu. Alisema akibadilisha kinyozi, mumewe ataelewa maana yake.

"Wewe," akamjibu.

Kocha akajiinua kitandani. Akanyoosha mkono, na safari hii haukupapasa hewa. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye zile ngazi za kisogoni, ukazifuata moja moja. Kisha akageuka kwa muuguzi akamwomba mkasi. Muuguzi akamwambia alale.